"Mama, Subiri Kidogo": Jinsi Sekunde Zinavyopimwa Katika Mchezo wa Matabano

 

Katika toleo hili nilipangiwa kuandika juu ya ngeli ya U-I. Ngeli haitakimbia. Nimemwomba mhariri aniruhusu kwanza niandike juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu, kwa sababu nimezungumza na wazazi kadhaa pale tunaponywea chai tukisubiri watoto, nikaona ugomvi huu uko katika nyumba nyingi.

Mwanangu ana miaka 13. Anacheza mchezo wa intaneti unaoitwa World of Warcraft, katika toleo lile linalofuata sheria za zamani. Jioni moja ya likizo nilikuwa nimetoka zamu, nimepika wali na samaki wa nazi, nikamwita ale. Nikaita mara ya pili, na ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile: "Mama, subiri kidogo." Mara ya nne sikuita. Nilikwenda kwenye kisanduku cha intaneti nikachomoa waya.

Nilitegemea makelele. Badala yake alishuka ngazi kimya, machozi yanamtoka, akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimewaua watu wanne. Alikuwa tabibu wa kikosi. Wenzake wanne, kila mmoja nyumbani kwake, walikuwa katikati ya mapigano, na aliyekuwa anawaponya alitoweka ghafla. Kisha akasema neno lililonichoma: "Wewe mwenyewe ni nesi. Ungeondoka wodini katikati ya zamu?"

Sikuwa na jibu. Chakula tulikula kimya. Baadaye nilimwambia, "Haya, nieleze. Lakini nieleze kwa Kiswahili." Akajaribu, akakwama sentensi ya kwanza. Maneno hana. Ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wangu ana ulimwengu mzima ambao hawezi kunisimulia kwa lugha yangu, na kosa si lake peke yake. Ninachoandika hapa ni matokeo ya jioni nyingi za kukaa naye. Nitakueleza kitu kimoja tu cha mchezo huo, nacho ni saa zake: kwa nini tabano moja huchukua sekunde moja na nusu na jingine sekunde tatu, na kwa nini watengenezaji hupima sekunde hizo kama mfua dhahabu anavyopima vumbi lake.

KWANZA, MANENO

Najua neno uchawi limeshawashtua baadhi yenu. Huu ni mchezo wa hadithi, kama zile za majini na mazimwi tulizosimuliwa na bibi zetu. Mhusika anasema maneno ya nguvu, moto unatoka au jeraha linafunga. Kiswahili kina neno lake la zamani kwa kazi hiyo: kutabana. Mganga anatabana, na maneno anayosema ni tabano, wingi wake matabano. Mwanangu alilipenda neno hilo mara moja. Alisema lina mlio wa kitu kinachofanya kazi.

Kila tabano hulipiwa. Mhusika ana akiba ya nguvu iitwayo mana, mfano wa maji ndani ya mtungi. Ukitabana, mtungi unapungua. Mtungi ukikauka, umebaki mikono mitupu. Mana basi ni bei ya kwanza. Bei ya pili, ambayo wazazi hatuioni, ni muda.

SAA NNE ZINAZOKWENDA PAMOJA

Tuchukue kuhani, ambaye ndiye mhusika wa mwanangu. Ukimtazama akicheza utadhani anabonyeza ovyo. La. Kichwani mwake zinakwenda saa nne kwa pamoja.

Saa ya kwanza ni muda wa kutabana. Tabano dogo la kuponya la kuhani huchukua sekunde 1.5. Tabano kubwa huchukua sekunde 3. Wakati huo wote hatakiwi kutembea, maana akipiga hatua moja tabano linavunjika. Adui akimpiga, tabano linacheleweshwa. Wachawi wa moto nao wana tunu zao: mpira wa moto wa daraja la juu ni sekunde 3.5, na kuna tabano lao moja la moto mzito ambalo ni sekunde 6. Sekunde 6 umesimama wima mbele ya mtu mwenye upanga si mchezo.

Saa ya pili ni pumzi ya lazima. Ukibonyeza karibu tabano lolote, hata lile la papo hapo lisilo na muda wa kutabana, huwezi kuanza jingine mpaka zipite sekunde 1.5. Saa hii huanza pale unapobonyeza, kwa hiyo mwenye tabano la sekunde 3 haongezewi kitu. Ameshavuta pumzi humo humo. Lakini mwenye matabano ya papo hapo hawezi kumwaga kumi kwa mpigo.

Saa ya tatu ni muda wa kupoa. Baadhi ya matabano, baada ya kutumika, hukaa kando yapoe kama sufuria iliyotoka jikoni. Mchawi wa moto ana pigo la papo hapo ambalo lazima lipoe sekunde 8. Askari wa nuru ana tabano la kuwekea mikono: anamrudishia mwenzake uhai mwingi sana kwa mara moja, lakini mana yake yote inakwisha na tabano lenyewe linapoa kwa saa nzima. Saa nzima kweli, dakika 60 za ukutani.

Saa ya nne ni sekunde tano za ukame. Katika sheria za zamani, ukitumia mana kulipia tabano, mtungi wako hauanzi kujazwa kwa nguvu za roho yako mpaka zipite sekunde tano bila ya kutumia tena. Kwa hiyo kuhani mzuri anajua pia wakati wa kutofanya kitu. Mwanangu aliniambia, "Wakati mwingine nakaa tu namwangalia anapungukiwa, nahesabu." Nilicheka, kwa sababu hiyo ndiyo nusu ya kazi ya wodi.

Wauguzi wenzangu wataona kwamba saa hizi si ngeni. Mgonjwa mzima wa mwili akipewa parasetamoli, dozi inayofuata husubiri saa nne hadi sita, na haizidi mara nne kwa siku. Moyo uliosimama ukishughulikiwa, adrenalini hutolewa kila baada ya dakika tatu hadi tano, na yuko mtu mmoja chumbani ambaye kazi yake ni kutazama saa. Dawa kali ina saa yake. Tofauti ni kwamba saa za dawa zimewekwa na mwili wa binadamu. Saa za mchezo zimewekwa na watu waliokaa mezani wakajiuliza: ipi itakuwa haki?

HAKI NI NINI HAPA?

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nakuomba usome polepole.

Katika toleo la zamani, tabano dogo la kuhani aliyefika daraja za juu huponya karibu pointi 900 kwa mana 380. Tabano lake kubwa la juu kabisa huponya karibu pointi 2,000 kwa mana 700 na kidogo. Piga hesabu: kwa kila mana moja, dogo linakupa pointi 2.3 hivi na kubwa linakupa karibu 2.9. Kubwa ni rahisi zaidi. Hata kwa kila sekunde linatoa zaidi kidogo.

Kwa nini basi mtu atumie dogo? Kwa sababu mgonjwa anaweza kufa ndani ya sekunde tatu. Tena, akiwa amepungukiwa pointi 800 tu, ukimwaga 2,000, zile 1,200 zinamwagika chini na mana yako imekwenda nazo. Kwa hiyo dogo ni la dharura na la majeraha madogo, na kubwa ni la mwenye kuona mbele. Hakuna lililo bora siku zote, na hiyo ndiyo maana ya kusawazisha: kila tabano lina saa yake ambapo ndilo jibu sahihi, na saa nyingine ambapo ni kosa.

Sasa ngoja nikuletee tatizo waliloliona watengenezaji. Wachezaji huvaa mavazi na pete zinazoongeza nguvu ya matabano. Tuseme mavazi yako yanakupa nyongeza ya 350. Ukiiweka nyongeza hiyo yote juu ya kila tabano bila kuangalia muda, itakuwaje? Ndani ya sekunde 3, mwenye tabano kubwa anatabana mara moja, anapata nyongeza ya 350. Mwenye tabano dogo anatabana mara mbili, anapata 700. Kadiri mavazi yanavyokuwa mazuri, tabano la haraka linazidi kulipita la polepole, mpaka hakuna anayetumia la polepole tena. Mchezo umekufa hapo, kwa sababu hakuna tena la kuchagua.

Dawa yao ilikuwa hesabu ndogo tu. Chukua muda wa kutabana, ugawe kwa 3.5. Jibu ndilo fungu la nyongeza ambalo tabano linapata. Kwa nyongeza yetu ya 350 inakuwa hivi:

Tabano la sekunde 3.5 linapata yote, 350.
Tabano la sekunde 3 linapata 300.
Tabano la sekunde 1.5 linapata 150.

Umeona? Kila sekunde moja ya kusimama na kutabana inalipwa 100. Matabano mawili madogo ndani ya sekunde 3 yanapata 150 na 150, jumla 300, sawasawa na lile moja kubwa. Mwenye haraka hakuadhibiwa na mwenye subira hakudhulumiwa. Na matabano ya papo hapo, ambayo hayana muda? Hayo huhesabiwa kana kwamba ni ya sekunde 1.5, kwa sababu ile pumzi ya lazima inawachukulia sekunde hizo hata hivyo.

Nilipoielewa hesabu hii nilimwita mume wangu aje aione. Sisi tumezoea kusema haraka haraka haina baraka. Watengenezaji hawa wamesema jambo la pembeni yake: haraka ina baraka yake, ila isizidi kipimo.

Kuna tabano la tatu la kuhani ambalo hufuata njia nyingine. Hilo ni la papo hapo, lakini halitoi uponyaji wake kwa mkupuo. Linatoa kidogo kidogo kwa sekunde 15, kwa mafungu matano, moja kila sekunde 3. Hili linapewa nyongeza yote, 350, yaani 70 kwa kila fungu. Mwanafunzi mmoja wa darasa langu aliuliza, "Mbona hili limependelewa?" Swali zuri. Halikupendelewa, kwa sababu malipo yake yanakuja kwa kuchelewa. Mgonjwa akifa baada ya sekunde nne, amepata fungu moja tu, na mana umeshailipa yote. Ni tabano la bandu bandu humaliza gogo: linamfaa asiyekuwa mahututi.

MWANYA KATIKA UKUTA

Usidhani hesabu ikishapangwa mambo yamekwisha. Wachezaji ni kama maji, watatafuta ufa.

Kila tabano lina madaraja. Unajifunza daraja la kwanza ukiwa mchanga, na kadiri unavyokua unajifunza ya juu, yenye nguvu zaidi na bei kubwa zaidi. Lakini ya zamani hunyang'anywi. Sasa fikiria: tabano kubwa la daraja la chini nalo huchukua sekunde 3. Kwa hiyo linapata nyongeza ile ile ya 300. Lakini bei yake ya mana ni ndogo sana. Waponyaji wakagundua kwamba mwenye mavazi mazuri anaweza kutumia daraja la chini, akaponya kiasi cha kutosha, na mtungi wake ukadumu muda mrefu.

Watengenezaji waliliona mapema, wakaweka adhabu: matabano yanayofundishwa kabla ya kiwango cha 20 hayapati nyongeza kamili. Katika toleo lililofuata, la mwaka 2007, adhabu iliongezwa. Mwaka 2008 walibadilisha namna ya kupanga bei ya mana, hata daraja la chini likawa si nafuu tena. Mwaka 2010 madaraja yenyewe yakafutwa. Katika toleo la sheria za zamani lililofunguliwa tena mwaka 2019, mwanya huo bado upo, na mwanangu anapita humo kila siku. Nilimwuliza kama huo si udanganyifu. Akafikiri, akasema, "Hapana mama. Ni kubana matumizi." Maneno hayo alinisikia mimi nikiyasema nilipopata bili ya gesi.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba mizani si tarakimu tupu. Mwaka 2018, katika toleo jipya la mchezo, matabano mengi ya kujiongezea nguvu, ambayo zamani yalikuwa huru, yaliwekwa chini ya pumzi ya lazima. Nia ilikuwa mtu asibonyeze manne kwa mpigo, bali kila moja liwe uamuzi wake peke yake. Kwa hesabu ni sawa kabisa. Lakini wachezaji walilalamika sana. Walisema mkono unahisi uzito, unabonyeza kisha unakaa kungoja wakati adui yuko mbele yako. Toleo la mwaka 2020 lilirudisha baadhi ya matabano hayo kwenye uhuru. Mizani basi ina sahani mbili: karatasi na kidole.

MPWA WANGU WA TANGA

Saa hizi zina kazi nyingine ambayo sikuitegemea. Mpwa wangu anacheza na mwanangu kutoka Tanga. Kompyuta kubwa inayoendesha mchezo, yaani seva, iko huku Ulaya, na ndiyo inayoamua nani ametangulia. Mpwa wangu akibonyeza, amri yake inasafiri baharini kwa waya kabla ya kufika. Mwanangu ameniambia ucheleweshaji wake ni kama moja ya tano ya sekunde. Ningekuwa mimi ningesema si kitu.

Lakini kuna tabano la kukatiza. Mchawi anaweza kumkatiza anayetabana, na matabano ya aina ile yakafungwa kwa sekunde 10. Kuhani akikatizwa katikati ya kuponya, yote ya kuponya yamefungwa, dogo na kubwa. Tabano hilo la kukatiza nalo hupoa sekunde 30. Ukitaka kumkatiza mtu anayetabana sekunde 3, mpwa wangu wa Tanga ana nafasi. Kwa tabano la sekunde 1.5, amechelewa kidogo kuliko kijana wa London, lakini bado anaweza. Lingekuwa la nusu sekunde, angekuwa mtazamaji tu. Pumzi ya lazima nayo inamsitiri, kwa sababu kila mtu, aliye karibu na aliye mbali, anangojea sekunde zile zile. Tena mchezo hupokea kitufe kinachofuata sehemu ya sekunde kabla saa haijaisha, ili aliye mbali asipoteze muda kila anapobonyeza.

Wakubwa mnakumbuka kwamba kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti. Amri ilipanda mbinguni na kushuka, kwenda na kurudi, zaidi ya nusu sekunde. Mwaka ule nyaya za baharini zikafika Mombasa na Dar es Salaam. Kama zisingefika, watoto hawa wawili wasingecheza upande mmoja. Leo mwanangu anasema Kiswahili zaidi na binamu yake usiku wa Ijumaa kuliko anavyosema na mimi wiki nzima. Nimeona bora nilikubali hilo kuliko kulionea wivu.

TULIVYOFANYA DARASANI

Nilipeleka jambo hili katika darasa langu la wakubwa. Nusu yao hawachezi mchezo wowote. Nikawapa kazi: kila kikundi kitunge matabano matatu ya kuponya, kila moja na muda wa kutabana, bei ya mana na muda wa kupoa. Sharti ni moja: wenzenu wasiweze kusema "hili ndilo bora, mengine tupa."

Kikundi cha kwanza kilileta tabano la sekunde moja linaloponya kikosi kizima, bure. Wenzao hawakungoja. "Basi nani atatumia mengine?" Wakaongeza bei. "Bado." Wakaongeza muda wa kupoa, dakika tano. Msichana mmoja mkimya, ambaye tangu Septemba alikuwa hajasema sentensi nzima darasani, akainua mkono akasema: "Dakika tano ni nyingi. Watu watalihifadhi, watakufa nalo mfukoni." Darasa lilinyamaza. Alikuwa amesema kweli. Tabano ambalo watu wanaogopa kulitumia, ni sawa na halipo. Wakabishana kwa dakika arobaini, kwa Kiswahili, na sikusahihisha mtu hata mara moja isipokuwa pale mmoja aliposema "matabano hili."

NYUMBANI KWAKO

Sasa nije kwako wewe mzazi. Sisemi tuwaache watoto wacheze mpaka alfajiri. Bado mimi ni mama, na waya bado naujua ulipo. Lakini nimejifunza kuuliza swali kabla ya kukasirika.

Swali la kwanza: uko peke yako au uko na kikosi? Akiwa peke yake nje porini, anaweza kuacha wakati wowote. Akiwa ndani ya pango na wenzake wanne, hakuna kitufe cha kusimamisha, kwa sababu mchezo ni wa wote. Safari moja ya pangoni huweza kumaliza saa nzima au zaidi.

Swali la pili: kazi yako ni ipi? Kama ni mponyaji, elewa kwamba "subiri kidogo" yake mara nyingine ni sekunde tatu za kweli.

Swali la tatu, na hili ndilo muhimu: utamaliza saa ngapi? Sisi tumekubaliana hivi. Ikibaki saa moja na nusu kabla ya chakula, haruhusiwi kuingia pangoni. Kabla ya hapo akiingia, simwiti mpaka atoke. Nayo sheria inatufunga sote wawili. Wiki iliyopita chakula kilikuwa tayari mapema na ilinibidi mimi ndiye ningoje. Nilingoja.

Na umwombe akueleze kwa Kiswahili. Atakwama, nawe utakwama. Mkikosa neno, litafuteni pamoja, au tungeni lenu mlilete Jumamosi tulijadili. Maneno tuliyokwisha kukubaliana darasani ni haya:

Tabano, matabano: maneno ya nguvu anayosema mhusika.
Muda wa kutabana: tangu kuanza tabano mpaka litimie.
Pumzi ya lazima: sekunde ambazo kila mtu hungojea kabla ya tabano jingine.
Muda wa kupoa: muda tabano lililotumika linakaa kando.
Kukatiza: kumvunjia mwingine tabano lake.
Kusawazisha: kupanga bei na muda ili kila chaguo liwe na maana.

Kazi ya nyumbani kwa darasa la wakubwa: tabano la sekunde 2.5 litapata kiasi gani cha nyongeza ya 350? Andika jibu kwa sentensi kamili, si tarakimu peke yake. Darasa la wadogo wachore mtungi wa mana na waandike kitu kimoja wanachokingojea kwa hamu.

Kuhusu ngeli ya U-I, sikuikimbia kabisa. Mchezo, michezo, mtungi, mitungi, mkono, mikono. Zimepita humu zote. Sheria zake toleo lijalo, inshallah.

Mwalimu wenu wa darasa la wakubwa